Maswali ya Wasomaji: Nitajifunzia Wapi Tiba Shufaa kwa Watoto?

Barua zilizofika mezani kwangu tangu mvua zikatike ni za mambo mengi, lakini tatu kati yake zinahusu jambo moja, tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mwenye ugonjwa mzito maumivu na mateso na kuisaidia familia yake, nazo zimetoka kwa watu ambao huenda wasikutane kamwe: muuguzi, tabibu na mzazi. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamgusa mwenzake. Nimezifupisha, na nimeondoa majina ya watu na ya vituo.

Swali la kwanza

Mama Muuguzi, shikamoo. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, na huu ni mwaka wangu wa sita katika kituo cha afya kimoja mkoani Dodoma. Mwaka jana aliletwa kwetu mtoto wa miaka minne, amerudishwa kutoka hospitali kubwa akiwa na saratani ya jicho iliyokwisha kusambaa. Karatasi yake ya ruhusa iliandikwa: "Aendelee na tiba shufaa karibu na nyumbani." Karibu na nyumbani ni mimi. Nilikuwa na parasetamoli ya maji, basi. Mama yake alikuja kila asubuhi kwa bodaboda, na kila asubuhi nilimpa chupa ile ile na maneno yale yale, mpaka ikafika siku ambayo hakuja. Tangu hapo ninatamani kuisomea kazi hii, hasa kwa watoto na vijana. Wenzangu wananicheka kwamba ninakwenda kusomea kusindikiza maiti. Nimesikia habari za mafunzo ya Kampala na za kozi za mtandaoni, lakini nina mtoto anayenyonya, na mume wangu yuko kazini Kahama. Nianzie wapi? Na je, Baraza la Uuguzi na Ukunga litakitambua cheti hicho?

*Muuguzi, Dodoma*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto yule, na pole kwa chupa ile ile ya kila asubuhi. Wengi wetu tuliopitia wodi za watoto tunaijua.

Nianze na wenzako, maana kicheko chao kinatokana na kosa ambalo hata madaktari wanalo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa maana ya tiba shufaa kwa watoto mwaka 1998, lilisema ni huduma kamili ya mwili, akili na roho ya mtoto, pamoja na msaada kwa familia yake, na kwamba huduma hiyo huanza pale ugonjwa unapotambuliwa na kuendelea hata kama mtoto bado anatibiwa ugonjwa wenyewe. Hakuna mahali katika maneno hayo panaposema mtoto asubiriwe mpaka matibabu yashindwe. Mtoto wa selimundu anayelazwa kila baada ya wiki kadhaa kwa maumivu ya mifupa anaistahili, na anaistahili hata kama anasubiri kupandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hapa hapa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza huduma hiyo mwaka 2023. Mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo, ambaye huenda akaishi miaka mingi akiwa hawezi kumeza vizuri wala kujigeuza kitandani, anaistahili pia, na wa namna hiyo ndio utakaowakuta wengi zaidi kijijini, wamelazwa ndani ya nyumba mchana kutwa bila kuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Kwa makadirio ya Shirika hilo, asilimia 98 ya watoto wanaohitaji huduma hii wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao wako Afrika. Hospisi (nyumba ya tiba shufaa) ya kwanza ya watoto duniani, Helen House, ilifunguliwa Oxford mwaka 1982, lakini kazi iliyo nyingi iko kwenye vituo kama chako.

Neno lenyewe, nikiri, halitusaidii sana. Niliwahi kulitamka Kondoa mbele ya babu mmoja, naye akainamisha kichwa, kwa kuwa shufaa anayoijua yeye ni ile ya Mtume siku ya Kiyama. Alidhani ninamwambia kwamba mjukuu wake ameshafika huko. Tangu siku hiyo husema kwanza kwamba tutamwondolea mtoto maumivu na tutakuwa pamoja nao nyumbani, na jina la huduma hulitaja mwishoni, kama nitalitaja.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Tofauti kati ya kozi ya tiba shufaa ya watu wazima na ile ya watoto haiishii kwenye kugawa dozi kwa uzito wa mwili, ingawa hilo nalo ni kubwa. Mgonjwa mzima hukwambia panapouma. Mtoto wa miezi minane hawezi, mtoto wa miaka mitano anaweza lakini anaogopa sindano kuliko anavyoogopa maumivu, na kijana wa miaka kumi na sita anaweza lakini hataki kulisema mbele ya baba yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo mazuri ni kujifunza kutazama, na hapa nitakusimulia aibu yangu.

Nilikuwa bado mgeni kazini, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Kulikuwa na binti wa miaka kama sita aliyelala upande mmoja siku nzima, halii, haombi chochote, na mimi kila zamu niliandika katika faili lake neno moja: ametulia. Akaja mkufunzi kutufundisha. Hakusoma faili. Alichukua matambara na uzi wa bendeji, akasokota mpira mdogo, akaubiringisha taratibu juu ya shuka karibu na mkono wa yule binti. Macho yake yaliufuata mpira mpaka ukingoni mwa kitanda, lakini mkono haukujongea hata kidole. Mkufunzi akatugeukia na kutuuliza ni mtoto gani wa miaka sita, anayeuona mpira, anayeutaka mpira, asiyeunyooshea mkono. Tulinyamaza. Mtoto aliyekaa na maumivu kwa muda mrefu huacha kulia, kwa sababu kilio chenyewe kinatikisa mwili na kuongeza maumivu, na pia kwa sababu ameshajifunza kwamba hakuna anayekuja. Alipewa dawa iliyostahili jioni ile. Kesho yake mpira ulikuwa chini ya kitanda, na yeye alikuwa akimwamuru mama yake auokote.

Hivyo basi, kozi yoyote utakayoichagua, uliza kwanza kama inafundisha kupima maumivu kwa kutazama na si kwa kuuliza tu. Kuna kipimo kinachotumika kwa watoto wa kuanzia miezi miwili hadi miaka saba ambacho hutazama mambo matano: sura, miguu, mjongeo wa mwili, kilio na kama mtoto anabembelezeka, kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla yake ni 10. Kwa walio wakubwa kidogo, kuanzia miaka minne hivi, hutumika picha za nyuso, na kuanzia miaka minane wengi wanaweza kutaja namba. Pale pasipo na karatasi, vidole vya mkono vinatosha: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Ongeza na hili ambalo huwezi kulikuta katika vitabu vya kigeni: mwulize mama neno ambalo mtoto hulitumia nyumbani anapoumwa, liwe la Kigogo, la Kirangi au la Kisandawe, uliandike juu kabisa ya kadi yake. Mtoto anayezungumza Kiswahili cha shule mchana huumwa usiku kwa lugha ya nyumbani. Na ukimwona mtoto aliyekuwa mpenzi wa ubuyu akiusukuma mbali, mfungue mdomo umulike kwa tochi kama una vidonda, kabla hujaandika kwamba hana hamu ya kula.

Kuhusu njia yenyewe, ushauri wangu ni kwamba usianze na Kampala. Anza na kozi za mtandaoni za Mtandao wa Kimataifa wa Tiba Shufaa kwa Watoto, unaofahamika kwa kifupi kama ICPCN. Hazina ada, unazisoma kwa wakati wako mtoto akishalala, na zimegawanywa kwa mada: utangulizi, upimaji na utulizaji wa maumivu, mazungumzo na mtoto, ukuaji na michezo, huduma za siku za mwisho, na majonzi ya familia. Utahitaji bando, subira na Kiingereza cha darasani. Usizidharau kwa kuwa ni za bure, lakini pia usidhani kwamba zimekufanya mtaalamu. Nimewaona watu wenye vyeti vitano vya mtandaoni ambao hawajawahi kumkalisha mtoto mapajani wakampa dawa.

Ukishamaliza mbili au tatu, omba kwa mganga mkuu wa wilaya upelekwe kujifunza kwa vitendo mahali ambapo kazi hii inafanyika kila siku. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina huduma ya tiba shufaa, wodi ya saratani ya watoto iko Muhimbili, na hospitali ya Selian huko Arusha, ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu wiki mbili ndizo za chini kabisa, na ukifika huko usiridhike na kufuata mzunguko wa madaktari wodini. Omba kwenda na gari la kutembelea nyumba. Kinachofanyika sebuleni kwa mtu, penye bibi mwenye uamuzi wa mwisho, ndugu wa mgonjwa waliosahaulika na jirani aliyeleta dawa za mizizi, hakifundishiki kwenye ukumbi wenye mapazia.

Kampala iwe hatua ya tatu, mtoto wako akishaacha kunyonya. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na taasisi yake ya mafunzo imewafundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Madaktari wanaotaka kubobea kwa watoto huenda pia Chuo Kikuu cha Cape Town, lakini hiyo si njia yako kwa sasa. Jambo moja ulijue kabla ya kufunga sanduku: Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike mofini, dawa ya maumivu makali, na darasani utafundishwa pamoja nao. Ukirudi huku, mamlaka yako ya kuandika dawa ni yale ya leseni yako ya Tanzania, wala cheti cha Kampala hakiyaongezi. Wapo waliorudi wakagombana na mfamasia wiki ya kwanza kwa kutolielewa hilo.

Na Baraza? Tenganisha mambo mawili. Kozi fupi huhesabiwa katika mafunzo endelevu unayoyahitaji kuhuisha leseni, na hapo unachopaswa kuuliza Baraza la Uuguzi na Ukunga, kabla ya kusoma, ni kama mtoaji wa kozi hiyo anakubalika. Stashahada au shahada ya nje ni habari nyingine: shahada hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na ngazi zilizo chini yake hupelekwa baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi (NACTVET), ili ithibitishwe inalingana na ipi ya kwetu. Fanya uulizaji huo kwa maandishi, ada ikiwa bado mfukoni. Ruhusa ya mkurugenzi wa halmashauri nayo iwe ya maandishi, kwa sababu ya mdomo huyeyuka siku mkurugenzi anapohamishwa.

Umeuliza pia kuhusu vijana, nami nitagusa tu. Kijana mwenye selimundu au anayeishi na VVU tangu kuzaliwa hufika umri ambapo kliniki ya watoto humwambia amekuwa mkubwa na kliniki ya wakubwa haimjui, na katikati ya milango hiyo miwili wengi hupotea, huacha dawa, na tunawaona tena wakiwa hoi. Uliza kama kozi yako ina somo la kumvusha kijana kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, na kama inazungumzia mapenzi, shule na siri. Isipozungumzia hayo, imeandikwa kwa ajili ya watoto wachanga tu.

Mwisho, usiende peke yako. Maarifa ya mtu mmoja katika kituo hufa siku anapopata uhamisho. Mshawishi mfamasia wenu asome hata ile kozi ya maumivu, mshirikishe afisa ustawi wa jamii, na uwe na daftari la watoto wa eneo lako, ambalo watoa huduma ngazi ya jamii watakusaidia kulijaza. Ukianza na majina saba katika daftari hilo, umeshaanza kazi, hata kabla cheti hakijatoka.

Swali la pili

Mheshimiwa mwandishi, mimi ni tabibu katika zahanati moja wilayani Mpwapwa. Mama mmoja alirudi kutoka hospitali ya rufaa na mtoto wa miaka saba mwenye saratani, pamoja na chupa ya mofini ya maji, akaniomba nimsaidie kuendelea kumpa. Nilisita. Niliogopa mtoto ataacha kupumua mikononi mwangu, na niliogopa kumfanya teja. Nikamwambia mama ampe nusu ya kiasi kilichoandikwa. Mtoto hakupata nafuu. Je, mafunzo ya tiba shufaa yanaondoa hofu hii, au ni hofu ya haki?

*Tabibu, Mpwapwa*

Jibu

Ndugu tabibu, nakushukuru kwa kusema kweli, kwa kuwa wengi wamepunguza nusu na hawajawahi kumwambia mtu. Hofu yako ina sehemu ya haki na sehemu isiyo ya haki, na mafunzo mazuri hukufundisha kuzitenganisha.

Hiyo ya uteja iweke pembeni. Mtoto anayepewa mofini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo sahihi, haitafuti kama mtu anayetafuta kileo. Mwili wake unaweza kuizoea, na ndiyo maana haikatwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo pale maumivu yanapoondoka. Kuzoea kwa mwili na uteja ni vitu viwili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilipendekeza ngazi mbili tu za dawa kwa watoto wenye maumivu ya kudumu yatokanayo na ugonjwa: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, kisha mofini kwa yaliyo ya kati na makali. Kodini, dawa iliyokuwa ngazi ya kati kabla ya hapo, iliondolewa, kwa sababu mwili huigeuza kuwa mofini, na watoto hutofautiana sana katika kuigeuza. Mmoja hapati chochote, mwingine hupata nyingi mno kutoka kipimo kile kile. Kwa hiyo ile uliyodhani ni ya upole ndiyo isiyotabirika.

Kupumua ni hofu ya haki, lakini ina dalili zake. Usingizi mzito usio wa kawaida hutangulia pumzi kupungua. Mtoto aliyekesha usiku tatu kwa maumivu anaweza kulala sana siku ya kwanza ya nafuu, hilo ni deni la usingizi. Ila ukimwamsha anaamka na kukutambua. Asiyeamka, au anayepumua polepole kuliko umri wake unavyotaka, hapewi kipimo kinachofuata, na hospitali hupigiwa simu saa hiyo hiyo.

Hatari iliyo kubwa kuliko dawa yenyewe ni hesabu. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali. Chukua mfano wa darasani, ambao si dozi ya mgonjwa wako: mtoto ameandikiwa miligramu 2. Kama chupa ina miligramu 5 katika kila mililita 5, atapewa mililita 2. Kama chupa ina miligramu 50 katika mililita 5, atapewa mililita 0.2, yaani matone kadhaa tu. Mama aliyezoea chupa ya kwanza, akipewa ya pili bila kuelezwa, atampa mtoto mara kumi. Uganda hutia rangi tofauti ili nguvu zisichanganywe, jambo ambalo ningependa kuliona kila mahali. Kwa hiyo mkufunzi wako akupe chupa, bomba la sindano lisilo na sindano na kikombe cha maji, akufanyishe hesabu hizo mpaka mkono uzoee, kisha akuambie umfundishe mama naye akuonyeshe anavyovuta. Tia alama kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya bomba, mahali pistoni inapopaswa kusimama. Mama asiyejua kusoma ataiona.

Yaliyobaki ni mafupi. Dawa hutolewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja mtoto alie, na hupitia mdomoni kila inapowezekana. Choo kitafunga, karibu bila kukosa, hivyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Nimeona mtoto aliyeachwa wiki nzima bila hiyo, na tumbo likawa ndiyo maumivu mapya. Chupa ikae penye kufuli, mbali na jua la Mpwapwa, na kila mililita iandikwe.

Kuhusu ile nusu: safari nyingine ukisita, usipunguze kimya kimya. Mpigie aliyeandika, mweleze uzito wa mtoto na nguvu ya chupa, mfanye hesabu pamoja. Hilo nalo hufundishwa, na ni somo ambalo hata sisi wazee tulilichelewa.

Swali la tatu

Shikamoo Mama. Binti yangu ana miaka kumi na minne na anaumwa saratani ya damu. Siku moja wodini alimwuliza muuguzi, "Hivi mimi nitapona?" Muuguzi akamjibu, "Usiseme maneno hayo, mwombe Mungu," akaondoka na sahani yake ya dawa. Usiku binti akaniuliza mimi swali lile lile. Nami nikasema nakwenda kutafuta chai. Je, watu hawa wa afya hufundishwa kujibu swali kama hili, au kila mtu hukimbia kama mimi? Na mimi nifanye nini?

*Mzazi, Singida*

Jibu

Marahaba, baba. Hufundishwa, pale ambapo mafunzo ni ya kweli. Katika darasa zuri la tiba shufaa kwa watoto, wanafunzi huketi wawili wawili, mmoja anakuwa mtoto na mwingine muuguzi, na yule wa kwanza anauliza swali alilouliza binti yako. Nimesimamia zoezi hilo mara nyingi. Watu wazima, wenye watoto wao, hucheka, kisha hukaa kimya, kisha mmoja hutoka nje kujifuta macho. Afadhali akimbie darasani kuliko wodini. Anaporudi hufundishwa jambo la kwanza: usijibu kabla hujajua mtoto anauliza nini hasa, kwa maana "nitapona" ya mmoja ni kuuliza kuhusu kifo, na ya mwingine ni kuuliza kama nywele zitaota kabla ya kufungua shule.

Umri nao huelekeza. Mtoto mdogo wa miaka mitatu hadi mitano hudhani aliyekufa anaweza kurudi, na mara nyingi hudhani ugonjwa umemjia kwa kosa lake, kwa kuwa alimpiga mdogo wake au alikataa uji. Huyo anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba hakukosa kitu. Kufikia miaka kumi hivi, wengi wanakijua kifo kama tunavyokijua sisi. Binti yako wa miaka kumi na minne anajua. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alikaa na watoto wenye saratani ya damu wodini, na katika kazi aliyoichapisha mwaka 1978 alionyesha kwamba watoto wale walijua hali zao bila kuambiwa na mtu, wakajifanya hawajui ili wasiwaumize wazazi wao, na wazazi nao wakajifanya vivyo hivyo. Wote walikuwa wapweke katika chumba kimoja. Kuna saratani za damu za watoto ambazo hupona, na sijui ya kwenu imefikia wapi. Hilo mwulize daktari wewe mwenyewe, faraghani, kabla ya mazungumzo na binti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, hivyo si hisani kumshirikisha.

Muuguzi yule hakukosea kumtaja Mungu. Alikosea kuondoka. Mwombe muuguzi mkuu wa wodi awakutanishe na mtu aliyepata mafunzo haya, na kama hospitali hiyo haina, uliza kama afisa ustawi wa jamii au mchungaji au shehe mnayemwamini anaweza kukaa nanyi.

Lakini usingoje huyo apatikane. Leo jioni vuta kigoda, ukae upande ambao mkono wake hauna dripu, ili aweze kukushika akitaka. Mwambie kwamba siku ile uliogopa ndiyo maana ulikwenda kutafuta chai. Kisha mwulize, "Ni nini kilikufanya uniulize vile?" Halafu unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu kuliko unavyoweza kustahimili. Akiuliza usilolijua, mwambie hulijui na kwamba mtamwuliza daktari pamoja. Akilia, usimkataze. Anaweza kukuuliza habari za kifo, na anaweza pia kukuuliza kama dawati lake darasani bado lipo au ameshalikalia mwingine. Hilo nalo ni swali. Asubuhi nenda kamwulize mwalimu wa darasa, urudi na jibu siku hiyo hiyo.